Mtoto aliyezaliwa mdogo, usimkimbize kunenepa: yaliyotukuta Moshi

Mleta mada, umesema mwanao alizaliwa na kilo 2.2, sasa ana wiki tano, na mama mkwe anataka uanze maziwa ya kopo na uji mwepesi ili "apate mwili" kabla hamjapanda Marangu kwa Krismasi. Unauliza kama kunenepa haraka kunaweza kumletea shida ukubwani. Wadau wengi hapo juu wamekujibu kwamba mtoto bonge ndiye mwenye afya. Niliamini hivyo hivyo, na mwanangu ndiye aliyeumia, ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Binti yangu wa kwanza alizaliwa na kilo 2.1, na mimba ilikuwa imetimia. Presha ilinisumbua tangu mwezi wa saba, kwa hiyo hakukua vizuri tumboni. Kila aliyekuja kuniona na mtori wake alimfunua mtoto, akamtazama, akanyamaza. Kile kimya kilinichoma kuliko maneno. Wiki ya nne nikaanza kopo, tena nikawa nazidisha kijiko kimoja ili yawe mazito. Miezi mitatu haijafika vizuri, likizo ya siku 84 ikaisha, nikarudi kazini. Dada wa nyumbani akaongezea uji wenye sukari na siagi. Chupa ilikuwa lazima iishe. Mtoto akigeuza kichwa, tunamrudishia. Miezi sita alikuwa na kilo 9. Mstari kwenye kadi ya kliniki ulipanda kama njia ya kwenda Kibosho, na watu wakanipongeza.

Akiwa darasa la pili, nikaona shingo yake kwa nyuma imekuwa nyeusi, kama uchafu ulioganda. Nilimsugua kwa dodoki na sabuni ya mche, jioni baada ya jioni, huku analia. Ningejua nisingemgusa. Daktari wa watoto aliitazama mara moja tu, akaniuliza kama kwenye ukoo kuna kisukari. Weusi ule hautoki kwa maji. Insulini, yaani homoni ya kongosho inayoshusha sukari kwenye damu, ikizidi mwilini kwa muda mrefu, ngozi ya shingoni na kwapani huwa nene na kubadilika rangi. Mwili wa mwanangu ulikuwa hauitikii insulini sawasawa, kongosho likawa linafanya kazi ya ziada kila siku. Tulipopima asubuhi kabla hajala, sukari ilikuwa 5.9 mmol/L. Inatakiwa iwe chini ya 5.6, na ikifika 7 ndipo huitwa kisukari. Alikuwa na miaka minane.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Mwingereza David Barker alifuatilia watu waliozaliwa miaka mingi nyuma huko Hertfordshire, ambako wakunga walikuwa wameandika uzito wao, akakuta waliozaliwa wadogo walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Mwaka 1992 yeye na Nicholas Hales wakaeleza hivi: mtoto aliyebanwa tumboni anajengwa kwa ajili ya maisha ya njaa. Mwili wake unajua kubana matumizi. Akitoka akakuta chakula kinamiminwa, kile kinachozidi anakiweka kama mafuta, hasa tumboni. Niliposoma hapo nilimwona mwanangu waziwazi.

Halafu kuna suala la protini. Maziwa ya mama yana takriban gramu 1 kwa mililita 100, ya ng'ombe yana zaidi ya 3. Watafiti wa nchi tano za Ulaya waliwapa watoto maziwa ya kopo, kundi moja yenye protini nyingi, jingine yenye protini kidogo. Walipofika miaka sita, kwenye kundi la protini nyingi hatari ya unene uliokithiri ilikuwa zaidi ya mara mbili. Na mimi nilikuwa nazidisha kijiko!

Lakini sitaki nikudanganye kwamba ziwa ni chanjo ya unene. Kule Belarus walihimiza unyonyeshaji kwa akina mama wa watoto zaidi ya 17,000. Watoto walinyonya muda mrefu zaidi, ila walipokuwa wakubwa unene haukupungua. Kwa hiyo kama kuna anayesoma hapa na maziwa yalimkatalia kweli, asijilaumu: achanganye kwa kipimo cha kwenye kopo, na mtoto akigeuza kichwa, aache. Wala usimpunguzie mtoto mdogo chakula kwa kuogopa unene. Utapiamlo unaua mapema zaidi. Anatakiwa akue, ila kwa mwendo wake.

Wangu wa pili alizaliwa na kilo 2.4. Nilinyonyesha kila alipotaka, mara nane hadi kumi na mbili usiku na mchana. Kazini nilikamua kwa mkono, nyumbani akapewa kwa kikombe. Nilijua maziwa yanatosha kwa sababu alikojoa mara sita au zaidi kwa siku na uzito ulipanda kila tulipokwenda kliniki. Uji alionja miezi sita ilipotimia, bila sukari. Waingereza waliokuwa tumboni au wachanga wakati sukari inagawiwa kwa mgao, kabla ya 1953, ukubwani walipata kisukari aina ya pili pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko waliozaliwa baada ya mgao kuisha.

Mama mkwe usigombane naye. Yeye alilea enzi ambazo mtoto mwembamba mara nyingi alizikwa, hofu yake ni ya kweli. Wa kwangu nilikwenda naye kliniki, akamsikia nesi kwa masikio yake. Kisha nikamwomba ule mtori aliotaka kumpa mtoto anipikie mimi, maana ninayenyonyesha ni mimi. Alifurahi sana, akawa anakwenda mwenyewe Mbuyuni kuchagua ndizi.

Binti yangu sasa ana miaka kumi na miwili. Hatukumshindisha njaa. Tuliondoa soda na juisi, shule anakwenda kwa miguu, akarefuka huku kilo zikipanda polepole. Shingo imerudi rangi yake, na kipimo cha mwisho cha sukari kilikuwa 5.2.

Hukusema kama mimba yako ilitimia. Kama ni njiti, mahitaji yake ni tofauti na daktari wake ndiye wa kumsikiliza. Tuwekee uzito wote ulioandikwa kwenye kadi tangu alipozaliwa, nitapita tena jioni nisome.