Jambia la dhahabu tupu lilikata nini?

SWALI: Mimi ni mhunzi, nafua visu na mapanga. Nimeona picha ya jambia la Uajemi wa kale: mpini dhahabu, na bapa nalo dhahabu. Dhahabu ni laini. Lilikataje?

JIBU: Halikukata kitu, fundi, na aliyelifua alilijua hilo. Makali ya dhahabu yakigonga mfupa hujikunja, wala huwezi kuyapa ugumu kwa moto na maji kama unavyofanya kwa chuma cha pua.

Upanga mfupi wa vita Wagiriki waliuita akinaki. Michongo ya mawe ya Apadana, ukumbi wa wafalme wa Uajemi huko Persepolis, inawaonyesha Wamedi, jamaa wa Waajemi, wameuvaa pajani, upande wa kulia. Bapa lake lilikuwa chuma. Urembo ulikaa mpinini na kwenye ala. Ule uliofukuliwa katika kaburi la kale la Chertomlyk, Ukraine, uko hivyo hivyo: mpini umevikwa bamba la dhahabu, bapa ni chuma.

La dhahabu tupu lilikuwa la heshima. Xenophon, mwandishi na askari Mgiriki aliyekuwamo katika msafara wa vita wa Koreshi Mdogo, mwana wa mfalme wa Uajemi, anasimulia kwamba mwaka 401 KK Koreshi huyo alimtunukia mfalme wa Kilikia (kusini mwa Uturuki ya leo) farasi mwenye hatamu ya dhahabu, mkufu, bangili na akinaki ya dhahabu. Anayevaa vitu hivyo, kila mtu alitambua kibali kimetoka wapi.

Mimi lakini huvutiwa zaidi na ala ya Hazina ya Oxus, mkusanyiko wa vitu vya dhahabu na fedha vya Uajemi wa kale uliopo British Museum, London: bamba jembamba la dhahabu lenye wapanda farasi wakiwinda simba. Kazi ya namna hii hufanywa kinyumenyume. Bamba hulazwa juu ya lami, uso chini, fundi akasukuma maumbo kwa nyuma kwa vyuma butu; kisha huligeuza na kuchora manyoya na mikunjo ya nguo kwa mbele. Dhahabu yenye mchanganyiko wa fedha au shaba hukakamaa kwa nyundo, hivyo hurudishwa motoni mara kwa mara ilegee. Ukikosa subira hapo, inapasuka.

Jaribu kwa bamba la shaba nyekundu, unene wa nusu milimita. Lipashe mpaka liwe jekundu kwa mbali, kisha litie majini. Mkono wako wa uhunzi utakataa, kwa sababu chuma cha pua hukakamaa kikitiwa majini. Shaba itatoka laini.