Tafuta Utamu Kwanza, Tunda Litakuja Lenyewe

Msomaji mmoja ameniandikia kwa hasira. Kanunua kahawa ya Ethiopia, pakiti imeandikwa stroberi, chungwa na asumini. Kaikamua kwenye mashine yake ya espreso, na alichopata ni ndimu inayokata ulimi. "Mnatudanganya," anasema, "au ulimi wangu ndio mbovu?"

Ulimi wako mzima kabisa, ndugu yangu. Hilo la ulimi mbovu nalijua vizuri kwa sababu mimi niliambiwa hadharani. Ilikuwa kwenye mafunzo ya kuonja, vikombe vimepangwa mezani, kila mtu anavuta kahawa kutoka kwenye kijiko kwa kelele kama inavyotakiwa. Zamu yangu ikafika, nikasema naonja ukwaju. Mwalimu akatabasamu lile tabasamu la kumwonea mtu huruma, akaelekeza kidole kwenye gurudumu la ladha, ile chati ya duara yenye majina ya ladha za kahawa, lililobandikwa ukutani, akasema, "Hebu tuonyeshe ulipo." Darasa zima likaangua kicheko. Ni kweli haumo. Embe nalo halimo, wala pasheni, ingawa nanasi na nazi vimo. Gurudumu lile lilitolewa mwaka 1995 na likafumuliwa upya mwaka 2016. Ni chombo kizuri na mimi mwenyewe ninalo, lakini lilitengenezwa ili waonjaji waelewane, halikutengenezwa ili mtu aaibishwe mbele ya wenzake. Kahawa ile ilikuwa na uchachu mzito uliobebana na utamu wa tunda lililokauka. Kama kuna jina linaloifaa zaidi ya ukwaju, mpaka leo sijaletewa.

Tuliache hilo, maana nikimwanza mwalimu yule hatutafika kwenye espreso.

Jambo ambalo waandishi wa pakiti hawakwambii ni kwamba ulimi wenyewe hauonji stroberi. Ulimi unajua tamu, chachu, chungu, chumvi na ile ladha nzito ya mchuzi, basi. Stroberi inasomwa na pua, kwa harufu inayopanda kutoka nyuma ya koo unapomeza. Jaribu hivi: ziba pua, piga funda la kahawa, meza, halafu achia pua huku ukipumua nje. Kile kitakachojitokeza ghafla ndicho watu wanachokiita tunda. Nimewafanyisha zoezi hili wengi waliokuwa wameshajikatia tamaa, na karibu wote wameishia kucheka kwa mshangao.

Tunda lenyewe linatoka wapi? Buni ni mbegu ya tunda, na mengi yanaamuliwa kabla haijafika kwa mkaangaji. Kahawa inayooshwa mapema, ganda na nyama vikatolewa, huacha asidi zake zionekane wazi: ya sitiriki, ambayo ndiyo ya malimau na machungwa, na ya maliki, ile ya matufaha. Kahawa inayokaushwa na maganda yake huchachuka polepole ndani ya tunda, na uchachuaji huo huzalisha esta, kemikali zilezile zinazoyapa matunda mengi harufu yake. Ndiyo maana kahawa ya Ethiopia ya maganda inanukia stroberi na bluberi, na ile iliyooshwa, hata ikiwa ya wilaya hiyohiyo, inaelekea kwenye limau na maua. Hakuna aliyetia tunda kwenye gunia. (Siku hizi wapo wanaochachusha buni pamoja na matunda mengine. Sina ugomvi nao, mradi waandike hivyo kwenye pakiti.)

Aina ya mbuni nayo ina neno lake. SL28, inayosifiwa kwa ladha ya beri nyeusi kwenye kahawa za Kenya, ilichaguliwa mwaka 1935 katika maabara za Scott huko Kenya, kutoka kwa mche mmoja wa mbegu iliyoletwa kutoka Tanganyika kwa sababu ilistahimili ukame. Waliokuwa wakiichagua walikuwa na shida ya mvua. Ladha iliwafuata tu, na mimi huwa nafurahi kila nikiikumbuka habari hiyo.

Sasa espreso. Msukumo wa takriban baa 9, maji kidogo, sekunde chache: kila kilichomo kwenye buni kinapazwa sauti, kizuri na kibaya. Asidi hutangulia kutoka, utamu unafuata, uchungu unamalizia. Ukikatisha mapema umekunywa asidi peke yake, ndiyo hiyo ndimu ya msomaji wangu. Kipimo tulichofundishwa wengi, gramu 18 za unga zitoe gramu 36 za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30, kinaifaa zaidi kahawa iliyokaangwa sana, ambayo huachia vitu vyake kwa urahisi. Kahawa za matunda kwa kawaida hukaangwa kidogo, na buni yake ni ngumu, inashikilia. Iongezee maji. Acha zitoke gramu 45, hata 54. Pandisha joto hadi nyuzi 94 au 96. Saga laini zaidi, lakini kwa tahadhari, kwa sababu unga ukizidi ulaini maji hutafuta nyufa na kupita hapohapo, na kikombe kinakuwa kichachu na kichungu kwa pamoja, na ukakasi juu yake. Likikukuta hilo, rudi nyuma hatua moja kwenye kinu.

Kila unapobadilisha kitu, usijiulize "stroberi iko wapi?" Jiulize kama kikombe hiki ni kitamu kuliko kilichotangulia. Uchachu ukishapata utamu wa kuusindikiza, pua yako yenyewe italitaja tunda. Bila utamu hata kahawa iliyoshinda mashindano itakuwa ndimu tu. Nalirudia kila mara, najua, na nitaendelea kulirudia kwa sababu barua ninazopata ni zilezile.

Usikamue kahawa iliyotoka kwenye kikaango juzi. Bado imejaa hewa ya kaboni dayoksaidi inayosukumana na maji. Ipe wiki mbili, na ikiwa imekaangwa kidogo sana, zaidi ya hapo. Angalia na maji yako: yakiwa na bikaboneti nyingi yanaua asidi, na kikombe kinabaki bapa hata ufanye nini. Halafu subiri kidogo kabla ya kunywa. Kahawa ikiwa moto mkali haisemi kitu. Inapopoa ndipo matunda yanapojitokeza.

Mmoja wa waliocheka siku ile ya ukwaju alinitembelea hivi karibuni. Nikamkamulia kahawa ya maganda kwa namna niliyoieleza hapa, sikumwonyesha pakiti, sikumwambia neno. Akanywa, akanyamaza, akasema, "Pasheni." Sikumkumbusha chochote kuhusu gurudumu. Ndiyo kwanza naandika hapa.

Nawaomba jamani, acheni kusoma pakiti kabla ya kuonja. Ukishasoma "stroberi" akili inaanza kutafuta stroberi, na ikiikosa unajilaumu wewe au unamlaumu mkaangaji, wakati kikombe kina embe zuri kabisa ambalo hukulipa nafasi. Onja kwanza, andika unachokipata kwa majina ya matunda unayoyajua mwenyewe, kisha ndiyo ugeuze pakiti. Nusa matunda ukiwa na muda, yaliyoiva na yaliyopitiliza, maana pua haiwezi kutaja kitu isichowahi kukutana nacho. Na mtu akikucheka kwa neno ulilotumia, mwambie akupe lake.

Kuhusu maziwa, ambayo wengi mnaniuliza: kahawa iliyooshwa, ile ya limau na maua, msiitie. Mafuta na protini za maziwa zinafunika harufu zile nyepesi, na asidi inabaki inagombana nayo. Ile ya maganda yenye stroberi nzito inavumilia maziwa machache, na wapo wanaoipenda hivyo kuliko ikiwa peke yake. Mimi simo, ila nimeonja na sikuudhika.