Maswali na majibu: "Mama, nifanye nini?"

Likizo ya Juni imeanza na ujumbe mnaonitumia umeongezeka. Watoto wapo nyumbani kutwa, simu zimefichwa juu ya kabati, na mzazi hapumui. Nimechagua maswali machache kuhusu watoto kucheza bila kioo, yaani bila simu, tableti wala runinga.

Shikamoo mwalimu. Kijana wangu ana miaka 8. Nikimnyang'anya simu ananifuata mpaka jikoni: "Mama, nifanye nini?" Nikimtajia mchezo anaukataa. Nikichoka namrudishia simu yake. (Mama, Mbagala)

Marahaba. Hapo kwenye "nikichoka namrudishia" ndipo kwenye shida. Ameshajua kwamba akilalamika dakika 20 simu inarudi, kwa hiyo kesho atalalamika 40. Na acha kumtajia michezo. Unaoutaja ni mchezo wako, ndiyo maana haumkai. Mjibu kwa upole, "Sijui mwanangu, tafuta," kisha endelea kumenya viazi. Atagaagaa sakafuni, atapiga teke mguu wa meza, atauliza saa ngapi. Mvumilie. Kukosa la kufanya si ugonjwa wa kukimbilia kutibu.

Mjukuu wangu nilimwacha hivyohivyo Jumamosi moja. Baada ya kama nusu saa nikasikia kimya. Kuchungulia, amepanga visoda mlangoni, vyekundu upande huu, vya kijani upande ule, kifungo cha shati ndio mpira, naye anatangaza mechi kama mtu wa redioni. Sikusema neno, nikarudi jikoni. Ungesimama pale kumsifu au kumuuliza maswali, mechi ingeisha.

Anza na dakika 15 kwa siku, uwe mahali anapokuona, ongeza taratibu. Na simu yako nawe iweke mbali. Huwezi kumwambia aachane na kioo huku wewe umekiinamia.

Mwalimu, naomba jina la programu nzuri ya michezo ya kuelimisha, mtoto asipoteze muda bure. (Msomaji, Dodoma)

Sitaji. Kila wiki naulizwa hili, na kila wiki nasema hapa tunazungumzia kucheza bila kioo. Tafadhalini, someni kabla ya kuuliza. Na mtoto anayecheza hapotezi muda.

Mwalimu, salaam alaykum. Mwanangu wa gredi ya 3 nimemnunulia magari ya betri, roboti, kila kitu. Huvichezea siku mbili, kisha hurudi kwenye runinga. Ninunue nini tena? (Baba, Kisauni, Mombasa)

Waalaykum salaam. Usinunue kitu. Gari linalojiendesha lenyewe limemwachia mtoto kazi gani zaidi ya kubonyeza? Ficha nusu ya hivyo vitu, kisha mwekee boksi moja la takataka njema: kamba, makopo yasiyo na makali, vitambaa, waya laini, kandambili zilizokatika.

Mtoto wa jirani yangu majuzi alikuwa anaunda gari la waya, magurudumu kayakata kwenye kandambili. Moja likatoka kubwa kuliko wenzake, gari likawa linavuta kushoto. Akakaa chini, akaling'oa, akalisugua kwenye ukingo wa saruji, akalipima juu ya jingine, akasugua tena. Alipolirudisha na kushika usukani wake mrefu, gari lilinyooka mpaka kwenye bomba la maji. Muda wote huo hakumwita mtu. Hakuna duka linalouza hicho alichokuwa nacho.

Na kwa kuwa umetaja betri: angalia zile ndogo za mviringo, kama kifungo. Mdogo wake akimeza moja ikanasa kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa 2. Usimtapishe. Mkimbize hospitali hapohapo, hata kama haonyeshi maumivu.

Shikamoo. Binti yangu yuko darasa la nne. Anaondoka saa 11 alfajiri, anarudi saa 11 jioni baada ya tuisheni. Jumamosi tuisheni pia. Akipata nafasi anajitupa kwenye tableti, kucheza hataki kabisa. Nimfanyeje? (Mama, Sinza)

Marahaba, mwanangu. Mpumzishe. Nimehesabu: ni saa 12 nje ya nyumba, kwa mtoto wa miaka kumi. Wewe ukitoka kazini baada ya saa 12 unaunda nini? Mtu aliyechoka huchukua kilicho karibu na kisichomdai kitu, na tableti ndiyo hiyo.

Nimefundisha darasa la nne miaka mingi, najua mtihani wao unavyowanyima wazazi usingizi. Najua pia watoto walivyokuwa wakisinzia mbele yangu saa nane mchana, na hao hamwambiwi kwenye kikao cha wazazi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja kwenye kifungu cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Sisi tumeigeuza zawadi ya anayefaulu.

Futa tuisheni ya Jumamosi. Wiki za mwanzo usitegemee mchezo, atalala tu. Mwache alale.

Mwanangu wa miaka 7 akicheza peke yake anaongea mwenyewe. Jirani anasema nimpeleke akaombewe. (Mama, Tanga)

Hana kitu. Watoto hujiongoza kwa sauti, na jinsi wanavyokua sauti inaingia ndani. Ila msikilize anachosema. Akicheza mwalimu halafu anawachapa mito bila kukoma, anakuonyesha anachokiona mahali fulani. Fuatilia.

Wangu hana shida ya kucheza peke yake. Alikuwa mtoto wa kombolela na rede, sasa ni mwezi hataki wenzake, anakaa chumbani. Nifurahi? (Baba, Morogoro)

Hapana, ndugu yangu. Anayecheza peke yake utamkuta ana kitu mkononi, na wenzake wakimwita anatoka. Wako amebadilika ghafla, na hilo lina sababu. Huenda anaonewa shuleni, huenda kuna mkubwa anamfanyia ubaya. Usimhoji mbele ya watu. Tembea naye, mtume dukani mkaenda wote, mpe nafasi aseme, na akisema mwamini. Ukishindwa pa kuanzia, piga 116, Simu ya Mtoto. Ni bure. Piga leo.