Maswali na Majibu: Ndege Kuukuu za Mizigo katika Milima Mirefu

Kwa nini Bolivia iliendelea kutumia ndege za miaka ya 1940 kwa miongo mingi baada ya vita? (Msomaji, Mbeya)

Jibu ni nyama. Ng'ombe wengi wa Bolivia hufugwa katika tambarare za Beni, ilhali walaji wengi wako La Paz, juu katika Andes, na kwa miaka mingi barabara kati ya pande hizo haikuwa ya kutegemewa. Kwa hiyo ng'ombe walichinjwa hukohuko tambarareni na nyama ikasafirishwa kwa ndege hadi El Alto, uwanja ulio mita 4,061 juu ya usawa wa bahari. Curtiss C-46, yenye tumbo pana na injini mbili za nguvu farasi 2,000 kila moja, ilipatikana kwa bei nafuu kutoka mabaki ya vita, na iliweza kutua kwenye nyasi na udongo. Hata ndege za kudondosha mabomu aina ya B-17 ziligeuzwa wachukuzi wa nyama.

Uwanja wa juu kiasi hicho humtatiza rubani kwa namna gani? (Msomaji, Nakuru)

Hewa ya El Alto ina takriban theluthi mbili tu ya uzito wa hewa ya pwani, hivyo injini, propela na mabawa vyote hupungukiwa kwa pamoja. Hatari iliyojificha zaidi ni kasi: kipimo kikionyesha kasi ileile ya kutua iliyozoeleka pwani, ndege kwa kweli huwa inakwenda kwa kasi iliyozidi kwa takriban moja ya tano, na rubani anayeamini macho yake badala ya kipimo hushawishika kuipunguza hadi mabawa yashindwe kuibeba.

Je, ndege kuukuu ya DC-3 inaweza kupita juu ya Kilimanjaro, na injini moja ikizimika itakuwaje? (Msomaji, Moshi)

Ikiwa haikubeba mzigo mkubwa na injini zote mbili ni nzima, inaweza, kwa kuwa uwezo wake wa kupaa hufikia mita 7,000 hivi, ingawa waliomo watahitaji oksijeni. Injini moja ikizimika, itashuka polepole hadi ikute hewa nzito ya kutosha, na kwa ndege iliyojaa shehena kimo hicho huwa chini ya vilele vingi vya Andes na Himalaya. Ndiyo maana rubani makini hujua, kwa kila sehemu ya safari, bonde lipi litamtoa salama kuelekea chini. Safu ya milima huikaribia kwa mshazari, ili akishindwa kuivuka ageuke kwa kona ndogo. Bondeni hukaa upande mmoja, ili upana wote uliobaki uwe wake wa kugeukia. Na haingii katika bonde ambalo sakafu yake hupanda upesi kuliko ndege yake.

Upepo nao una pande mbili. Upande wa joshi, yaani ule upepo unakotokea, hewa hupanda na mlima na kuinyanyua ndege. Upande wa demani, yaani ule upepo unakoelekea, hewa huporomoka, wakati mwingine kwa kasi ambayo injini zote mbili zikinguruma kwa nguvu zote haziwezi kuishinda. Kwa maoni yangu, masimulizi ya ushujaa huficha jambo hili: anayefika salama mara nyingi ni yule aliyegeuka mapema.

Ni kweli kwamba ndege nyingi zilipotea Himalaya wakati wa vita? (Msomaji, Zanzibar)

Ni kweli. Wajapani walipoikata barabara ya Burma mwaka 1942, Wamarekani walianza kupeleka shehena China kwa ndege, kutoka Assam, kaskazini-mashariki mwa India, hadi Kunming. Kufikia mwaka 1945 walikuwa wamefikisha takriban tani 650,000 na kupoteza ndege zaidi ya 500, nyingi kwa sababu ya barafu, dhoruba, ramani mbovu na uchovu kuliko risasi za adui. William Tunner, ofisa wa jeshi la Marekani aliyekabidhiwa uongozi wa safari hizo mwaka 1944, alikaza matengenezo na uchunguzi wa ajali. Shehena ikaongezeka huku kiwango cha ajali kikipungua.

Kwa nini mafundi huzungusha propela kwa mkono kabla ya kuwasha? (Msomaji, Tabora)

Silinda za injini za ndege hizi kuukuu zimepangwa duara, na ndege ikilala, oili huchuruzika hadi kwenye zile za chini. Oili haibanwi kama hewa. Injini ikiwashwa hivyohivyo, mkono wa pistoni unaweza kupinda. Fundi akihisi propela imekwama, hailazimishi, bali hufungua plagi za silinda za chini na kuimwaga.