Batman hakufa, rudia kutazama dakika za mwisho

Ndugu, umeuliza kama Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman, alikufa mwishoni mwa The Dark Knight Rises (2012), au kama kile ambacho mtumishi wake Alfred anakiona mgahawani kule Florence ni ndoto tu. Yuko hai, na ushahidi umo ndani ya filamu.

Msikilize Lucius Fox, mtu anayemtengenezea Bruce vifaa, anapowauliza mafundi kuhusu ule mtambo wa kukiendesha bila rubani chombo cha kuruka alichobebea bomu, ambao Bruce alidai ni mbovu. Anajibiwa kwamba ulisharekebishwa miezi sita nyuma, na aliyeurekebisha ni Bruce mwenyewe. Mkufu wa lulu wa mama yake nao umetoweka. Halafu Alfred aliota kumwona na mke, labda na watoto. Anachokikuta pale ni Bruce na Selina Kyle, yule mwizi. Ndoto ingefuata alichokiota.

Lakini kwangu jibu kubwa liko kule kwenye shimo la gereza alikofungwa Bruce. Mara mbili Bruce anapanda akiwa amejifunga kamba kiunoni, na mara mbili anaanguka. Yule mfungwa mzee anamwambia haogopi kufa, na hapo ndipo tatizo lake lilipo. Anapanda bila kamba, popo wanamrukia usoni, anaruka na kushika ukingo. Mtu aliyejifungia miaka minane akingoja kufa amerudi kutaka kuishi. Nolan, mwongozaji wa filamu, angemuuaje baada ya hapo?

Kama hujaona Batman Begins (2005), anza nayo. Kile kisima alichotumbukia utotoni ndicho kinacholipa uzito shimo hili.