Chaneli ya Kidigo Mombasa: nani hasa anayelipa?

Ndugu uliyeanzisha uzi, umeuliza mambo mawili: kama kijana wa Likoni anaweza kufungua chaneli ya YouTube kwa Kidigo, lugha ya Wadigo wa Pwani ya kusini, akapata riziki, na kama anunue kamera kwanza. Waliotangulia wamekujibu "inalipa" na "hailipi" bila kukwambia mlipaji ni nani. Mimi ni wa Mtongwe, na shughuli yangu ndiyo hiyo hiyo, basi nakupa nilivyoiona.

Kwanza, matangazo ya YouTube yatoe akilini. Kwa video ndefu, ili upate mgao wa matangazo unatakiwa uwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Ukishafika hapo, malipo yenyewe yanategemea mtazamaji wako yuko nchi gani na nani anataka kumuuzia kitu. Hakuna kampuni iliyoketi Nairobi ikiwatafuta Wadigo iwauzie mafuta ya kupikia kwa Kidigo. Hela ya matangazo ikija, shukuru, lakini usiipangie kodi ya nyumba.

Pili, usifundishe lugha. Itumie. Video za "leo tujifunze majina ya wanyama" zinasifiwa sana kwenye maoni, kisha hakuna anayezimaliza. Iliyonitoa mimi ni ya bibi mmoja wa Tiwi akisuka kawa, kile kifuniko cha chakula. Hakuwa anamfundisha mtu. Alikuwa amekaa barazani, ukili, ule mkanda uliosukwa, umemlalia mapajani, mjukuu wake anampasulia miyaa, yaani majani ya mkindu, kwa pupa na kuiharibu, naye anamkemea kwa Kidigo kile cha watu wazima, chenye mafumbo, huku vidole havisimami hata kidogo. Simu niliiegemeza kwenye ndoo. Kidigo chote kilikuwamo mle: amri, kejeli, mapenzi, majina ya kila hatua ya usukaji ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuyasikia nyumbani kwetu. Watu waliisambaza kwa sababu kila mmoja alimsikia bibi yake mle.

Halafu maoni yakaanza kuuliza: "Hiyo kawa bei gani?" Hapo ndipo penye biashara.

Wengi wa waliouliza hawako Kwale wala Mombasa. Ni dada zetu walioko kazini Saudia na Qatar, na watoto wa Pwani waliohamia Nairobi. Wale wa Arabuni wana tabia moja ya kuizingatia: wakiwa kazini hawana nafasi ya kutazama, wanasikiliza. Kwa hiyo kila hadithi naitoa pia kama sauti tupu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, maana haili bando kubwa na inachezeka simu ikiwa mfukoni. Hao ndio wateja. Anamwagizia mamake mkeka, anamnunulia shemeji kifumbu cha kuchujia tui na kawa za harusi. Wa Nairobi mzigo wao unakwenda kwa basi, nauli juu yake. Malipo ni M-Pesa, na nusu inaingia kabla bibi hajashika ukili. Hilo usilegeze hata kwa binamu yako.

Bei wanapanga kina mama wasukaji, si mimi. Mimi nachukua changu cha kurekodi na kusafirisha. Walikuwa wakiuza kwa madalali wanaopeleka mahotelini Diani, na dalali ndiye aliyekuwa akiamua. Sasa mnunuzi amemwona msukaji kwa macho yake na kumsikia sauti, hata hathubutu kuomba apunguziwe sana. Tatizo ni kwamba oda hazingoji na vidole vina mwendo wake. Sema wazi ni wiki ngapi, mteja aridhike au aende.

Njia nyingine ambayo hapa sijaona mtu akiitaja ni kutia sauti. Mashirika ya afya, ya kilimo, na wanasiasa wakati wa kampeni, wote wanataka ujumbe kwa Kidigo, Kiduruma, Kigiriama. Chaneli yako inakuwa cheti chako cha kazi. Kwangu mimi hii inalipa kuliko YouTube kwa mbali. Andikianeni kwamba sauti ni ya tangazo lipi na kwa muda gani, kwa sababu shirika moja liliwahi kuirudisha yangu hewani kwa kazi nyingine bila hata salamu.

Na wewe pia usiwafanyie wazee hivyo. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, na Katiba kifungu cha 11 inataja fidia au mrabaha kwa jamii ambayo utamaduni wake unatumika. Lakini kabla ya sheria kuna adabu: mzee alipwe siku hiyo hiyo, na aione video kabla haijatoka. Ngoma za uganga na yanayofanyika ndani ya kaya, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda, achana nayo. Misitu ya kaya iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, hiyo haina maana kwamba milango yake imefunguliwa kwa simu yako. Sengenya, ngoma yetu ya Kidigo, ikichezwa harusini, rekodi utakavyo ukishapewa ruhusa na wenye shughuli.

Kwa yule aliyeandika kwamba Kidigo ni "Kiswahili kilichovunjika": Kidigo ni mojawapo ya lugha tisa za Mijikenda, kina sarufi yake. Na hicho Kiswahili unachokiita kizima kiliwekewa msingi wa Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kwenye kikao cha mwaka 1928, hapa hapa Mombasa, Kimvita, lahaja ya wenyeji wa Mombasa, kikaachwa nje. Kwa hesabu yako basi na wasemaji wa Kimvita wa Mji wa Kale wote wamevunjika.

Kuhusu tahajia ya Kidigo utaandikiwa malalamiko, mtu wa Kinondo na wa Lungalunga hawataelewana neno liandikwe vipi. Waache wabishane, maoni yanaisukuma video.

Kamera usinunue. Simu uliyo nayo inatosha, nunua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, ya waya, na uifiche chini ya pindo la leso. Upepo wa kusi ukianza kuvuma utajua kwa nini nimekwambia.