Kwa nini kijiti cha muhogo hakisahau upande wake wa chini?

Swali: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kilimo hapa Bukavu. Likizo iliyopita nilisaidia kupanda muhogo shambani kwetu Walungu, na mama alinigombeza kwa kuwa vijiti kadhaa nilivifukia mshazari huku kichwa kikiwa chini. Baada ya majuma machache nilivifukua nikakuta mizizi mingi imeotea kwenye ncha ileile ambayo zamani ilikuwa ya chini, ingawa sasa ilikuwa juu. Kama mzizi mchanga ukilazwa hupinda wenyewe kuelekea chini, kwa nini kijiti hakikujirekebisha?

Jibu: Mama yako alikuwa na haki ya kukugombeza, lakini uchunguzi wako ni mzuri, kwa kuwa mambo hayo mawili unayoyaona yanapingana yanatokana na kazi moja inayofanyika ndani ya seli, yaani kuchomoa na kupanga upya milango ya kupitishia homoni iitwayo oksini.

Oksini ni homoni ambayo mmea huitengeneza zaidi katika vichipukizi na majani machanga, kisha huiteremsha shinani kwa mwendo wa takriban sentimita 1 kwa saa. Haiteremki kwa uzito wake kama maji ya mvua kwenye vilima vyetu. Ingekuwa hivyo, kijiti kilichopinduliwa kingebadili njia palepale. Ukuta wa seli una asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi) ikikaribia 5.5, na hapo molekuli za oksini kama 15 katika kila 100 hazina chaji, hivyo hupenya zenyewe utando unaoizunguka seli, huku nyingine zikiingizwa na protini iitwayo AUX1. Zikishafika ndani, ambako pH hukaribia 7, karibu zote hupata chaji na kunaswa, zisiweze kutoka ila kwa mlango maalumu. Milango hiyo ni protini za jamii ya PIN, na seli za shina huiweka upande unaotazama mizizi. Watafiti Rubery na Sheldrake walilieleza wazo hili mwaka 1974, wakati protini zenyewe zilikuwa bado hazijatambuliwa.

Vitabu vingi huishia hapo, na kwa maoni yangu ndipo utamu wa habari unapoanzia. Milango ya PIN haikupigiliwa misumari. Kila wakati seli huichomoa kutoka kwenye utando, huiingiza ndani katika vifuko vidogo, kisha huirudisha mahali pake, na safari hiyo ya kurudi huhitaji protini nyingine iitwayo GNOM. Watafiti walipoitia mizizi ya arabidopsisi, mmea mdogo wa jamii ya kabichi, dawa ya brefeldini A, ambayo huzuia kazi ya GNOM, PIN zilirundikana ndani ya seli, na dawa ilipooshwa zikarudi kwenye utando. Mimea ambayo GNOM yake imeharibika hutoa viinitete (mimea michanga iliyomo ndani ya mbegu) visivyo na mzizi, na vingine huwa kama kitufe tu, kisicho na juu wala chini.

Sasa turudi kwenye maswali yako. Katika ncha ya mzizi kuna seli zenye chembe nzito za wanga. Mzizi ukilazwa, chembe hizo huanguka upande mpya wa chini, na katika dakika chache mlango wa PIN3 huhamishiwa huko. Oksini hujaa upande huo, na kwa kuwa katika mzizi oksini nyingi huzuia seli kurefuka, upande wa juu hurefuka zaidi na ncha hupinda chini. Shina lililokomaa halina wepesi huo. Seli za mishipa yake huendelea kuirudisha PIN kwenye ncha ileile ya zamani, na oksini inayopita huzidi kuiimarisha njia iliyokwisha kuchongwa. Kwa hiyo katika kijiti ulichokipindua oksini ilisafiri kupanda juu, ikakwama penye mkato, na wingi wake ukaziamsha seli za hapo zigawanyike na kuanzisha mizizi.

Unga wa kuoteshea mizizi, ule wenye kemikali iitwayo IBA, nao hupitia safari ya ndani: IBA huingia katika peroksisomu, yaani vifuko vidogo vilivyomo ndani ya seli, ambako hugeuzwa kuwa oksini ya kawaida. Muhogo hauuhitaji, kwa kuwa huota mizizi kwa urahisi bila msaada. Ukiutumia kwa miti migumu, upake ncha ya chini peke yake, tena kidogo, maana ukizidi huidumaza mizizi uliyoitaka.

Kuhusu vijiti mlivyobakiza, usitegemee kumbukumbu ya aliyevikata. Tazama macho yake: kovu la jani lililoanguka huwa chini ya jicho, hivyo ncha inayofuata upande wa kovu ndiyo ya kuingia udongoni.